Mjumbe wako ni nani? Balozi, mwenyekiti wa mtaa na orodha mbili za wapiga kura

Novemba 27, 2024, siku ya kura za mtaa hapa Tanzania, jirani yangu fundi seremala alifunga karakana, akavaa shati la sikukuu na kwenda kituoni na kadi yake ya mpiga kura. Ni ile aliyoipata mwaka 2015, kwenye picha bado ana nywele. Alisogea kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani, akapitisha kidole kwenye herufi ya jina lake. Akarudia. Jina halipo. Akamwonyesha karani kadi.

“Hiyo ni ya Tume, kaka. Hapa tunatumia orodha ya Oktoba.”

Alirudi amefura, anamwambia kila anayepita kwamba amechakachuliwa. Mimi mwenyewe nilichukua muda kumwelewesha kwamba safari hii hakuna aliyemchezea. Hakujiandikisha, basi. Na hakujiandikisha kwa sababu aliamini tayari ameandikishwa, kama walivyoamini wengi mtaani kwetu. Wiki mbili baadaye mtu huyohuyo alihitaji barua ya utambulisho, akaulizwa ofisini, “Mjumbe wako ni nani?” Akanijia tena: “Sasa huyu mjumbe naye tulimpigia kura lini?”

Swali zuri kuliko alivyodhani. Tulianze taratibu.

Herufi inayotuchanganya

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye lugha. Tunasema “serikali za mitaa” na tunasema “serikali ya mtaa”, na masikioni ni kitu kimoja. Sivyo. Serikali za mitaa, kwa wingi, ni mfumo mzima wa utawala ulio chini ya serikali kuu: halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji, na ngazi zote zilizo ndani yake hadi kijijini. Serikali ya mtaa, kwa umoja, ni ile ofisi ya vyumba viwili yenye bendera, unakokwenda kugongewa mhuri.

Ndiyo maana “uchaguzi wa serikali za mitaa” ni jina kubwa kuliko mwili wake. Diwani ni kiungo cha serikali za mitaa, lakini hachaguliwi siku hiyo. Diwani tunamchagua kwenye uchaguzi mkuu, pamoja na rais na mbunge. Kura ya Novemba, inayotangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja, ni ya viongozi wa chini kabisa: mijini ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa; vijijini ni mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa uchaguzi wa 2024 yalitangazwa maeneo haya: vijiji 12,333, mitaa 4,269 na vitongoji 64,274. Yote yako Tanzania Bara. Zanzibar ngazi hiyo inashikwa na sheha, na sheha huteuliwa, hapigiwi kura.

Halafu kuna mtendaji, yule mwenye kompyuta na funguo za kabati. Huyo naye hakuchaguliwa na mtu. Ni mwajiriwa wa halmashauri, anapokea mshahara na anaweza kuhamishwa kesho. Mwenyekiti ni wako. Mtendaji ni wa mwajiri wake. Ukiwakuta wanavutana ofisini, ujue ni mvutano uliojengwa ndani ya mfumo wenyewe, sio lazima iwe chuki.

Benki na kikoba

Turudi kwa fundi. Kwa nini kadi yake haikumsaidia?

Kwa sababu chaguzi hizi mbili zina wenyewe tofauti. Uchaguzi mkuu unaendeshwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na Tume inatunza Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji wa 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kanuni za waziri wake, na ulikuwa na orodha yake iliyoandikwa upya mtaa kwa mtaa. Kujiandikisha kulifanyika kuanzia Oktoba 11 hadi 20, siku kumi tu. Zaidi ya watu milioni 31 walijiandikisha. Fundi wangu hakuwemo.

Mfano rahisi ni wa benki na kikoba. Kuwa na akaunti benki, hata yenye kadi inayong'aa, hakukufanyi mwanachama wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwako. Kikoba kina daftari lake, siku zake za kuingia, na kinataka mtu wanayemjua anakaa hapo. Na ukiwa mwanachama wa kikoba, hakuna benki itakayokupa hela kwa sababu hiyo. Ni vitabu viwili ambavyo havisomani.

Kilichozidisha utata mwaka ule ni kwamba vitabu vyote viwili vilifunguliwa kwa wakati mmoja. Tume ilianza kuboresha Daftari la Kudumu Julai 2024, ikianzia Kigoma na kusonga mkoa kwa mkoa hadi mwaka uliofuata. Katikati ya safari hiyo, Oktoba, TAMISEMI nao wakaweka meza zao. Mtu wa mkoa mmoja anaona matangazo ya kuboresha taarifa, anamsikia ndugu yake wa mkoa mwingine akisema “sisi tumeshamaliza”, anahitimisha kwamba naye amemaliza. Redio zilieleza, magari ya matangazo yalipita. Lakini gari la matangazo likipita saa saba mchana, fundi yuko kwenye randa, anasikia “jiandikishe” tu, na moyoni anasema, mimi ninayo kadi.

Hapa kuna uvumi mwingine wa kuondoa njiani. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba. Kinachoangaliwa ni kuwa raia, umri wa miaka 18 na ukaazi, na hati ya nyumba haihusiki. Huhitaji kadi ya chama chochote ili kupiga kura. Wanaofikiri wanaihitaji wamechanganya kupiga kura na kugombea, na tutafika huko.

Balozi alitoka wapi

Sasa mjumbe. Neno hili linabeba watu wawili tofauti. Kuna mjumbe wa kamati ya mtaa, aliyepigiwa kura Novemba na anayekaa kikao na mwenyekiti. Na kuna mjumbe wa nyumba kumi, ambaye siku hizi wengi humwita balozi. Huyu wa pili ndiye aliyeuliziwa kule ofisini, na huyu wa pili si kiongozi wa serikali. Ni kiongozi wa chama.

Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, miaka ya 1960. Wakati huo kutofautisha chama na serikali kulikuwa kama kutofautisha sukari na chai iliyokwisha kukorogwa. Chama kilikuwa kimoja, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa jicho, sikio na mdomo wa vyote viwili. Alisuluhisha ugomvi wa mume na mke, aliita watu kwenye kazi za kujitolea, aliripoti wageni waliolala. Wazee wanaokumbuka uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakusimulia jinsi kilo ya sukari ilivyopitia kwa mjumbe. Usingethubutu kugombana naye.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi kisheria. Chama na serikali vikatenganishwa kwenye karatasi, na mjumbe wa nyumba kumi akabaki upande wa chama: leo ni balozi wa shina, ngazi ya chini kabisa ya CCM. Vyama vingine navyo vina ngazi zao za chini. CHADEMA, kwa mfano, wanayo misingi chini ya matawi. Kisheria balozi wa CCM na kiongozi wa msingi wa CHADEMA wana mamlaka sawa juu yako wewe usiye mwanachama wao. Yaani hawana.

Kwenye karatasi ni hivyo. Mtaani, mazoea yana miguu mirefu. Ofisi nyingi bado zinaanza na swali la mjumbe kabla ya kuandika barua ya benki, ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au ya dhamana polisi.

Wakatoliki watanielewa haraka. Ukitaka kubatiza mtoto, paroko atakuuliza jumuiya yako, na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ataandika kibarua kwamba anakufahamu. Hakuna ubaya, ni nyumba yenu. Sasa fikiria umepeleka mtoto kliniki ya serikali kuchanjwa, na muuguzi anadai kibarua kilekile cha jumuiya. Hapo ndipo lilipo tatizo la “barua ya mjumbe”: huduma ya wote inapitishwa kwenye mlango wa baadhi.

Ila nisiwaonee watu wa ofisi. Mtaa mmoja wa Dar es Salaam unaweza kuwa na maelfu ya watu, nusu yao wapangaji wanaohama kila kodi ikipanda. Mwenyekiti atajuaje kama kweli unakaa nyumba ya tatu baada ya kibanda cha chipsi? Anayejua ni balozi. Serikali haikujenga daftari lake la wakazi linalofanya kazi kila siku, kwa hiyo inaazima macho ya chama. Nadhani hilo ndilo la kurekebisha kwanza, kabla ya kulaumu balozi anayeamshwa usiku. Ukikwama, muulize mtendaji akutambue kwa njia nyingine: mwenye nyumba wako, mjumbe wa kamati ya mtaa uliyempigia kura, majirani wawili. Mara nyingi inawezekana. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza.

Msomaji wa Kenya asichanganyikiwe hapa. Nyumba Kumi ya kwenu, iliyoanzishwa 2013, ni mpango wa usalama wa ujirani unaofanya kazi na chifu na naibu wake, na haukuzaliwa kama tawi la chama. Jina lilisafiri kuvuka mpaka, kazi ikabadilika. Na Kenya MCA, mwakilishi wa wadi, anachaguliwa siku moja na rais, kwa sajili moja ya tume ya uchaguzi, IEBC, kwa hiyo kisa cha fundi wangu kisingetokea Kayole, Nairobi.

Kauntabuku ya mama mwenye nyumba

Nimewahi kupanga kwa balozi. Mama mmoja mtu mzima, nyumba ya vyumba sita, baraza la saruji lililopasuka katikati. Chini ya mto wa kiti chake kulikuwa na kauntabuku iliyofunikwa kwa gazeti, na ndani yake nyumba zote za shina lake: jina la mwenye nyumba, wapangaji, nani ana kadi ya chama, nani ana mgonjwa. Waliohama aliwakata kwa kalamu nyekundu. Waliofariki aliwawekea msalaba au mwezi, kulingana na dini.

Kwa miaka miwili niliyokaa pale sikuona akilipwa mshahara, na alicheka nilipomuuliza. Kulikuwa na kitenge wakati wa kampeni, na nauli ya mkutano ikipatikana. Kazi ilikuwa halisi: kupitisha mchango wa msiba, kuwajulisha watu siku ya mkutano, kupatanisha waliogombana kwa maji machafu kutiririshwa uani. Usiku mmoja, saa nane, kijana aligonga mlango. Kaka yake amekamatwa, polisi wanataka mtu anayemfahamu. Mama alivaa khanga juu ya gauni la kulalia, akatoka. Sijui kama kijana yule alikuwa na kadi ya chama. Hakumuuliza.

Nasimulia haya kwa sababu tunapozungumzia “siasa za mtaani” tunawafikiria watu wa fulana na matarumbeta. Siasa za mtaani kwa siku nyingi za mwaka ni kauntabuku. Katibu wa tawi wa chama cha upinzani ninayemfahamu anafanya kazi ileile bila kitenge: anaandikisha wanachama, anakusanya ada kidogokidogo, anatunza mhuri wa tawi kwenye mfuko wa nailoni usije ukadhurika na mvua.

Na huo mhuri una uzito kuliko unavyoonekana. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini limebaki. Kwa hiyo hata uenyekiti wa kitongoji chenye kaya chache unahitaji chama. Na kanuni za uchaguzi wa mitaa zimekuwa zikitaka mgombea adhaminiwe na ngazi ya chini ya chama chake, sio makao makuu. Tafsiri yake ni hii: chama kisicho na watu wa kujitolea kwenye eneo lako, wenye ofisi hata ya kuazima na karatasi zilizokaa sawa, kinaweza kukosa mgombea halali hata kama kinajaza viwanja. Fomu ikijazwa vibaya, au ikidhaminiwa na ngazi isiyotakiwa, pingamizi linawekwa na jina linaenguliwa.

Sisemi kwamba kila aliyeenguliwa alikosea fomu. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, vikisema sababu ni za kutafutwa, na 2024 malalamiko kama hayo yalirudi. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti mwaka huo wa 2024. Mtu anaweza kusoma takwimu hiyo kama ushahidi wa mashina yaliyoenea kila kona, au kama ushahidi wa uwanja ulioinama. Mimi naona vyote viwili viko humo, na anayekueleza kimoja tu ana kadi mfukoni.

Ukitaka kujitolea, mlango ni mdogo tu. Chukua kadi ya chama unachokipenda kwenye tawi la unakoishi, lipa ada, hudhuria vikao. Viongozi wa ngazi za chini huchaguliwa na wanachama wenzao. Wakati wa uchaguzi chama kitahitaji mawakala wa kukaa kituoni, kuangalia majina yakiitwa na kura zikihesabiwa, na wakala lazima awe amejulikana na kuapishwa mapema. Huwezi kutokea asubuhi ya siku yenyewe na fulana. Kama wewe ni askari wa JWTZ, polisi, magereza au JKT, Katiba inakukataza kujiunga na chama. Kura unapiga, kadi ya chama hapana.

Vipi yule balozi anayepita kuandika namba za kadi za kupigia kura? Swali hili huja kila msimu, na hofu yake ni kwamba namba itaonyesha ulimchagua nani. Haiwezi, karatasi ya kura haibebi namba ya kadi yako. Lakini pia hulazimiki kumpa. Mwambie kwa adabu kwamba kadi iko kwa mkeo.

Kura yako inanunua nini hasa

Hapa pana jambo ambalo watu wa mjini hawalijui na wa kijijini wanalijua mno. Kijiji kina nguvu kuliko mtaa. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni chombo kamili kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, na haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu, ambao ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo unatakiwa kukaa walau mara nne kwa mwaka, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Ukisikia ekari mia zimepewa mwekezaji na hakuna anayekumbuka mkutano, tafuta muhtasari. Ama mkutano haukufanyika, ama ulifanyika na watu kumi na wawili chini ya mwembe na sahihi mia mbili.

Mwenyekiti wa mtaa mjini hana ardhi ya kugawa. Viwanja ni vya halmashauri na wizara. Anaweza kushuhudia mauziano yenu, ndiyo, na wengi tumekulia kwenye mazoea ya “asilimia kumi ya serikali ya mtaa” kila kiwanja kikiuzwa. Viongozi wa serikali wamekemea jambo hilo mara kwa mara. Sahihi yake inathibitisha kwamba alikuwepo. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Kuna watu wamelia kwa kutojua tofauti hiyo.

Anachoweza ni kuitisha mkutano, kusukuma hoja kwenye kamati ya maendeleo ya kata anakokaa na diwani, kusimamia ulinzi, takataka, mfereji. Mambo madogo, mpaka mvua ya masika ikuingilie chumbani.

Nilipohama kwa yule mama nilimuaga pale barazani. Akatoa kauntabuku chini ya mto, akatafuta ukurasa, akanikata kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yangu. Akauliza nahamia wapi. Nilipomtajia, akasema balozi wa kule wanafahamiana tangu zamani, niende nikajitambulishe kwake.

Nikamwambia mama, mimi nitaanzia ofisi ya mtaa.

Akacheka hadi akakohoa. “Nenda, mwanangu. Watakuuliza mjumbe wako ni nani.”